Kidole cha Mheshimiwa na Boneti ya Feruzi

Habari hii ni ya nchi ambayo haipo. Nasema mapema, nisije nikaitwa mahali kuulizwa maswali. Nimeitafuta kwenye ramani zote za shule sikuiona, na mtu akiniambia kwamba anaijua, hata kwamba jana tu amelala humo, nitamwambia hizo ni ndoto zake, anywe maji ageukie ubavu wa pili.

Basi katika nchi hiyo isiyokuwepo, raia aliruhusiwa kuwa na gari, kuliosha, kulipamba kwa maua ya plastiki, hata kulibusu akitaka. Alichokatazwa ni kitu kimoja tu, kufungua boneti. Kila boneti ilifungwa kwa waya na kugandishwa lakiri nyekundu yenye nembo ya Wizara ya Utulivu wa Magari, na nembo yenyewe ilikuwa ni kidole kimoja kilichofungwa bandeji.

Kidole hicho kina historia yake. Waziri mwenyewe, Mheshimiwa Profesa Gaudensi Malimbuko, aliwahi kusimama njiani gari lake likifuka moshi. Dereva akamwambia, "Mzee, tusubiri kidogo rejeta ipoe." Mheshimiwa akajibu kwamba profesa hasubirishwi na maji. Akakamata kifuniko cha rejeta, akakizungusha, na maji yakamjibu. Kidole cha shahada kikaungua. Bendera zilishushwa nusu mlingoti nchi nzima, na kabla bandeji haijabadilishwa, Bunge lilikwishapitisha Sheria ya Heshima ya Boneti. Hoja yao ilikuwa moja: ikiwa profesa ameungua kidole, raia wa kawaida si atateketea na mtaa wake wote? Wananchi wakashukuru kwa kuonewa huruma.

Kidole kilipona upesi. Bandeji ndiyo haikutolewa, maana ilikwisha kuwa mali ya taifa, na kidole kikapewa mlinzi wake peke yake, bwana mmoja mnene ambaye kazi yake ilikuwa kukishikia mwavuli.

Na gari likigoma barabarani? Kwanza, neno "kuharibika" lilifutwa. Gari halikuharibika katika nchi ile, lilipumzika. Likipumzika, mwenye gari alitakiwa aketi nyuma ya usukani mgongo wima, mikono miwili juu yake, uso wa mtu mwenye matumaini, amsubiri Mfunguzi wa Serikali. Wapita njia walimsalimia, "Hongera kwa mapumziko!" Naye akaitikia, "Tunapumzika vizuri, ahsante kwa Wizara." Mfunguzi akija, siku atakayojaliwa kuja, alivaa glavu nyeupe, akasoma hotuba fupi, akafungua boneti, akatazama ndani kwa masikitiko, akafunga, akagandisha lakiri mpya, akasema, "Nenda kanunue kipuri." Ukimwomba basi akaze hata nati moja iliyolegea, alikuangalia kama umemtukana. Kazi yake ilikuwa kutazama na, ukirudi na kipuri, kukipachika nawe umegeuza uso. Kukaza kulikuwa chini ya idara nyingine, ambayo ilikuwa bado haijaundwa.

*

Sasa mtu ambaye nchi ile haikumfaa hata kidogo ni Feruzi, muuza magodoro wa mtaa wa Majani Makavu. Feruzi hakuumbiwa kukaa. Akiketi, mguu wake wa kulia unatikisika peke yake mpaka vikombe vinacheza mezani. Tangu mdogo alifungua kila kilichofungwa, redio, saa ya ukutani, mtego wa panya, na ingawa si vyote alivyofungua vilirudi kufanya kazi, roho yake ilitulia. Mtu wa namna hiyo unamnyima boneti yake mwenyewe! Alikuwa akizunguka pikapu yake asubuhi kama fisi aliyenusa nyama, anaigusa lakiri, anaiacha, anairudia.

Pikapu yenyewe jamani, tumwombee. Vipuri vyote vilitoka Duka la Taifa la Vipuri, mali ya shemeji yake Mheshimiwa, na hapakuwa na duka jingine. Brekipedi zake zilinukia vizuri sana lakini hazikushika. Wipa zilifanya kazi siku za jua tu. Indiketa ya kulia haikuwaka toka inunuliwe, kwa hiyo Feruzi, raia mtiifu, akawa anakata kushoto tu, na kwenda dukani kwake, ambako kulikuwa upande wa kulia wa nyumba yao, ilimbidi auzunguke mji mzima. Wateja wa magodoro walikwisha mzoea. Ukimwona anakuja, ujue bado atapita tena.

Kilichomtesa zaidi ni mkanda wa feni. Mikanda ya Duka la Taifa ilikuja ndani ya maboksi mazuri ajabu, yamenakshiwa dhahabu, juu yake picha ya Mheshimiwa akitabasamu na kidole kimeinuliwa. Na mkanda nao ulichapwa picha hiyo hiyo. Lakini mkanda! Ulikatika ukitazamwa. Feruzi alipoupeleka wa kwanza dukani, muuzaji alikagua boksi kila upande, akalirudisha.

"Boksi halina kasoro, bwana."

"Mimi nalalamikia mkanda, dada yangu. Mkanda umekatika."

"Dhamana yetu ni ya boksi. Lingechanika hili, tungekupa jingine sasa hivi, tena na kikombe cha kahawa."

Maboksi yakajaa nyumbani. Mama yake, Bi Siwema, akawa anawekea iliki, mdalasini na binzari, na kwa kuwa macho yake yalikuwa yameanza kufifia, alikuwa anajua kila kiungo kwa kupapasa dhahabu ya boksi lake.

Hapo sasa ndipo penye habari. Bi Siwema alikuwa na mtoto wa jicho, macho yote mawili. Madaktari wa macho walikuja mara moja kwa mwaka, siku moja tu, hospitali ya Kisogoni ng'ambo ya kilima, wakafanya upasuaji tangu asubuhi mpaka jua lizame, wakaondoka. Mwaka uliopita Feruzi alimpakia mama yake, wakafika katikati ya kilima, mkanda ukakatika. Wakakaa. Mgongo wima, mikono miwili juu ya usukani, "Tunapumzika vizuri, ahsante kwa Wizara," mpaka gari la madaktari likawapita likiteremka kurudi lilikotoka, na wauguzi wakawapungia mikono kwa adabu. Mwaka ule jicho la kushoto likazima kabisa. La kulia lilibaki na ukungu, na muuguzi wa mtaani akamwambia Feruzi pembeni, "Kaka, mwaka huu usikose. Ukipita tena, hilo nalo halirudi."

Bi Siwema hakuambiwa, lakini alijua. Alikuwa ameanza kumpapasa mwanawe uso kila asubuhi, kipaji, pua, kidevu, akisema anamtafuta chunusi.

*

Siku ya madaktari ilipofika, waliondoka mapema. Bi Siwema alikaa mbele, amevaa kanga yake ya harusi, mapajani ameshika kifurushi cha halua ya kuwapelekea wauguzi. Nyuma kulikuwa na godoro moja la mteja, jipya, bado limo ndani ya nailoni yake. Mkanda wa feni ulikuwa mpya vilevile. Mfunguzi alipoutia, alimwombea Feruzi dua.

Walifika pale pale. Pale pale pa mwaka jana, palipo na jiwe jeupe! Chini ya boneti kitu kikalia *pwaa*, mvuke ukatoka pembeni, pikapu ikakohoa ikanyamaza.

"Nini hiyo?" akauliza Bi Siwema.

"Tumepumzika, mama."

Bi Siwema akakikaza kifurushi mapajani. Feruzi akaweka mikono miwili juu ya usukani. Akapiga simu Ofisi ya Wafunguzi, na sauti tamu ikaitikia, "Ofisi ya Wafunguzi, karibu upumzike. Leo Wafunguzi wote wako kwenye msafara wa Mheshimiwa, mgeni rasmi wa sherehe ya macho huko Kisogoni. Tafadhali endelea kuwa na uso wa matumaini." Ikakata.

Mguu wa kulia ukaanza. Ulitikisika mpaka kioo cha pembeni kikawa kinagonga mlango. Mzee mmoja akapita na baiskeli. "Hongera kwa mapumziko!" Feruzi akaitikia kwa meno. Wakapita wanawake na kuni. "Hongera kwa mapumziko!" Akaitikia. Akapita mtu na mbuzi, mtu akasalimia, na Feruzi nusura aitikie salamu ya mbuzi.  Alitamani kupiga kelele, alitamani kuibeba pikapu mgongoni.

"Feruzi," mama yake akasema. "Jua liko wapi?"

"Bado la asubuhi, mama. Usiwe na wasiwasi."

"Jua la asubuhi linanichoma utosini kupitia paa?"

Uso ukamwiva Feruzi kwa aibu.

"Mwaka jana tulikaa hapa hapa kwa heshima," akasema Bi Siwema. "Nikakuacha, nikasema mwanangu asiingie matatizoni. Heshima ikanila jicho. Sasa mwanangu nisikilize. Mimi sitaki kufa sijakuona umezeekaje. Unaweza au huwezi?"

"Kufungua naweza. Lakini mkanda sina, mama. Na nikifungua ni jela."

Bi Siwema akauvuta upindo wa kanga yake, akautia menoni, akaung'ata, akauchana mpaka mwisho. *Chraaa!* Feruzi alishtuka kuliko alivyoshtushwa na mkanda.

"Mama! Kanga ya harusi yako!"

"Nikipata macho nitaitazama iliyobaki. Bila macho, hata nzima ya kazi gani? Shuka."

Feruzi akashuka. Akatazama huku, akatazama kule. Akaukamata waya kama mwizi wa kuku, akaukata kwa meno ya ufunguo wake wa nyumba, lakiri ikapukutika chini. Akafumba macho akingoja ving'ora. Hakuna kilicholia. Akainua boneti.

Lo! Ndani mlikuwa na kikombe cha chai cha Mfunguzi aliyepita, na sahani yake, na hotuba yake imekunjwa na kutiwa mahali panapotakiwa kuwa na chujio la hewa. Na mkanda ulikuwa vipande vipande, kila kipande na kipande chake cha tabasamu la Mheshimiwa. Feruzi alisimama pale akacheka peke yake, kicheko cha mtu aliyeibiwa muda mrefu na leo ndiyo kamwona mwizi. Kisha akafanya kazi. Akakisokota kipande cha kanga kikawa kigumu, akakizungushia mahali pa mkanda, akakivuta, akapiga fundo, akarudia fundo kwa sababu la kwanza lilimfunga na yeye mwenyewe kidole cha gumba. Akaiacha rejeta ipoe, akaongeza maji ya kunywa.

Ikabaki lakiri. Pale nje hapakuwa na kitu, boneti iko uchi, polisi wa kwanza tu angewakamata.

"Ina rangi gani hiyo lakiri?" Bi Siwema akauliza kutoka ndani.

"Nyekundu ya kuiva."

"Na halua?"

Feruzi akamega kipande cha halua, akakikanda juu ya waya, akakibonyeza kwa kidole. Kwa mbali, wallahi, huoni tofauti. Akawasha. Pikapu ikaguna, ikakubali, na chini ya boneti kikaanza kitu kulia *chapu chapu chapu*, na wakaondoka.

*

Wakafika juu ya kilima, wakakuta barabara imefungwa na magari.

Mbele kabisa lilikuwa gari refu jeusi la Mheshimiwa, kimya, boneti inafuka. Nyuma yake magari yote ya msafara yalikuwa yamezimwa, ingawa hayakuwa na tatizo lolote, maana itifaki ilisema Waziri akipumzika basi wote wanapumzika. Makatibu, wakurugenzi, wapiga picha na kikundi cha ngoma, wote wameketi mgongo wima, wakubwa wameshika usukani, wasio na usukani wameshika magoti. Wafunguzi walijazana kwa glavu zao nyeupe. Walikuwa wamekwisha fungua, kwa hotuba. Walikuwa na maboksi tele ya mikanda mipya, na kila mkanda walioutoa ulikatika, mwingine kabla ya kufika kwenye injini. Wa mwisho ulikatika wakati wanaupigia makofi.

Askari akamsimamisha Feruzi. "Hapiti mtu. Mheshimiwa anapumzika."

"Nina mgonjwa, afande. Tunawahi madaktari Kisogoni."

"Unawahi nini sasa? Hawajaanza. Mgeni rasmi hajafika kukata utepe. Hakuna jicho litakaloguswa kabla ya utepe."

 Huko chini, ng'ambo, madaktari walikuwa wameketi na glavu zao, wagonjwa wamepangwa kwenye mabenchi, jua linatembea, na wote wanamngoja mtu huyu aliyekaa hapa juu ananyanyua kidole kipunge hewa. Alitazama jua. Lilikwisha anza kuegemea upande wa pili.

"Si tumpe lifti?" akasema Bi Siwema kwa sauti ya mtu anayeuliza bei ya mchicha.

Kikaitwa kikao papo hapo. Katibu Mkuu akasema haijawahi kutokea. Mkurugenzi wa Itifaki akasema kinachowezekana ni pikapu kutangazwa kuwa gari la serikali kwa muda, na ikatangazwa, kwa kupigiwa ngoma. Wakaikagua lakiri kwa mbali wakaridhika. Kisha Mkurugenzi akaja dirishani akamwomba bibi apishe kiti cha mbele.

"Mimi naumwa macho," akasema Bi Siwema. "Yeye anaumwa nini?"

Mkurugenzi alirudi kwenye kikao. Wakaamua kwamba godoro ni aina ya kiti cha enzi. Basi Mheshimiwa Profesa Malimbuko akapandishwa nyuma ya pikapu, akaketishwa juu ya godoro la mteja, nailoni inalia *kwichi kwichi* kila akijigeuza, na mlinzi wa kidole akapanda naye na mwavuli. Wakateremka kilima. Wapita njia waliona na hawakujua wasalimie vipi.

Katikati ya mteremko Mheshimiwa akagonga kioo cha nyuma. "Kijana! Sauti gani hiyo, chapu chapu?"

Jasho likamtoka Feruzi. "Ni injini, Mheshimiwa. Inakupigia makofi."

Mheshimiwa akatafakari, akaridhika, akaegemea nyuma, akaipungia injini mkono.

*

Kisogoni walipokelewa kwa vigelegele. Utepe ulikuwa tayari, mkasi uko juu ya mto wa hariri, madaktari wamejipanga. Kukata utepe ni kazi ya pumzi moja. Lakini umewahi kumwona mgeni rasmi akakata kabla ya kusema?

"Ndugu wananchi!" Mheshimiwa akaanza, kidole juu, mwavuli juu ya kidole. "Jicho ni nini? Jicho ni taa ya mbele ya mwanadamu!" Makofi. Akaeleza historia ya taa. Akaeleza historia ya kidole. Feruzi alikuwa amesimama kando ya benchi la mama yake, anatazama jua, anatazama mkasi, anatazama jua. Daktari mmoja wa kike aliitazama saa yake, akavua glavu, akavaa nyingine. Mama mmoja benchini akalala. Mguu wa Feruzi ukachimba shimo mchangani. Moyoni alikuwa anasema kata, kata baba, kata uwe unaongea ukikata!

"Na leo," Mheshimiwa akaendelea, "maadui wa maendeleo wanaosema vipuri vyetu ni vibovu wameaibika. Gari langu lilipoamua kupumzika kwa hiari yake, nimeletwa na pikapu ya raia wa kawaida kabisa. Imepanda kilima, imeshuka kilima, na mkanda wake ni wa Duka la Taifa! Ili wasiosadiki wasadiki, boneti hii ifunguliwe hadharani!"

Kwa mara ya kwanza tangu azaliwe, mguu wa kulia wa Feruzi ukatulia.

Mfunguzi Mkuu akasogea na glavu zake. Akainama kwenye lakiri. Palikuwa na sisimizi, wamejipanga mstari tangu kwenye tairi. Mfunguzi Mkuu akawapuliza, akaibandua lakiri, ikamnata, akajilamba kidole bila kufikiri. Akasita. Akalamba tena. Akamtazama Feruzi, Feruzi akatazama mawingu. Nadhani bwana yule alikuwa hajala tangu asubuhi, kwa sababu alimalizia ile lakiri yote kimya kimya, akainua boneti.

Watu wakanyosha shingo. Kipande cha kanga kilikuwa pale, kimechafuka mafuta, maua yake yanaonekana vizuri kabisa.

"Kuna nini?" akauliza mama mmoja wa benchini, ambaye haoni.

"Kanga," akajibu mwenzake aliyebakiwa na jicho moja.

"Kanga? Ndani ya gari?"

Askari wakasogea. Feruzi akafungua mdomo, lakini Bi Siwema alikuwa amekwisha simama, anapapasa hewa mbele yake. "Ni yangu. Nimeichana mimi kwa meno yangu. Kama ni kosa nifungeni, lakini kwanza nitibuni macho, nikakae huko jela naona."

"Ni mimi, afande," Feruzi akasema, akamshika mama yake mkono. "Mama hajui boneti iko wapi. Ni mimi nimefungua."  Hakuogopa jela wakati ule. Aliogopa jua.

Mheshimiwa alikuwa anautazama ule mkanda. Akawatazama wapiga picha, ambao walikuwa wanampiga picha. Akautazama umati. Uso wake ulipita rangi kadhaa, halafu ukakunjuka wote.

"Ndugu wananchi!" akanguruma. "Mmeuona! Nilitaka iwe siri mpaka mwakani, lakini mmeuona! Huu ndio Mkanda wa Taifa, toleo jipya, uliobuniwa na Wizara yangu baada ya utafiti mrefu!" Na kwa furaha ya kuokoka, akachukua mkasi akakata utepe kwa pigo moja, ngoma ikalia, na madaktari wakakimbia ndani, kukimbia kabisa, kabla hajakumbuka kitu kingine.

Bi Siwema aliitwa jua likiwa limeshika vilele vya miti. Daktari yule wa kike alitoka mlangoni akatazama benchi, akatazama gari la madaktari ambalo dereva alikwisha liwasha, akasema, "Huyu mama wa mwisho, halafu basi." Feruzi akampeleka mpaka kizingitini. Mlango ulipofungwa aliketi chini mchangani, mgongo umepinda, mikono popote, akalia kama mtoto bila kujali nani anatazama.

*

Walilala hospitalini, na kesho yake bandeji ya jicho la kulia ikatolewa. Bi Siwema akapepesa. Akamtazama Feruzi muda mrefu.

"Umezeeka, mwanangu," akasema. "Na hukunyoa." Akamshika uso kwa mikono miwili, safari hii hakutafuta kitu, akacheka mpaka muuguzi akamwambia anyamaze jicho lisifungue mshono.

Njia nzima ya kurudi alikuwa anataja vitu. Mbuzi. Jiwe jeupe, lile lile. Nguo zilizoanikwa. Alimkataza Feruzi asiendeshe mbio, visije vikapita kabla hajavitaja.

Walipofika Majani Makavu waliwakuta maofisa mlangoni. Hawakuja kumkamata mtu, la hasha, walikuja na shada la maua na amri mpya. Kwa kuwa kanga sasa ni kipuri cha taifa, alisema mkubwa wao akisoma, ni marufuku raia kukunja, kufunga, kujitanda wala kuchana kanga bila Mfunguzi wa Kanga kuwepo. Kanga mpya zitapatikana Duka la Taifa, ndani ya maboksi ya dhahabu. Mwenye kanga ya zamani aisalimishe, au ifungiwe. Na mwanamke ambaye kanga itamdondoka njiani asimame wima pale pale, mikono miwili kifuani, uso wa matumaini, angoje.

Wakaingia ndani. Wakatoa sanduku la Bi Siwema chini ya kitanda, lile la kanga zake zote tangu usichana, wakalizungushia waya, wakawasha mshumaa, wakadondosha lakiri nyekundu, wakabonyeza nembo ya kidole. Wakapiga saluti. Jirani mmoja akachungulia dirishani akasema, "Hongera," kwa mazoea tu, bila kujua hongera ya nini.

Bi Siwema alisimama karibu, jicho lake jipya amelikodoa, anaitazama lakiri ikipoa. Aliinama akaikagua rangi yake, juu, chini, pembeni, kwa raha ya mtu anayeona. Akangoja maofisa wafike nje ya uzio.

"Feruzi, mwanangu," akasema. "Ile halua ilibaki?"